Nililipa kusoma ubunifu, nikafunzwa na mzee wa mkokoteni

Chuo sitataja maana sitaki maneno, ila kama uko Nairobi na umeona matangazo ya hizi kozi fupi za skuli za dizaini, zile za kutatua shida kwa ubunifu, soma hapa kwanza. Nililipa 15,000, Jumamosi nne, saa tatu mpaka saa tisa, chai na mandazi juu yao.

Siku ya kwanza karibu nitoroke. Vikaratasi vya rangi ukuta mzima, halafu historia ya skuli ya dizaini ya Chuo Kikuu cha Stanford huko Marekani, mwanzilishi wake David Kelley, na yule Hasso Plattner wa SAP, kampuni ya programu za kompyuta, aliyeitolea dola milioni 35. Eh, nimekuja kusomewa historia? Lakini mwalimu akatoa taa ya d.light kwa begi, hizi za sola zimejaa ushago, kumbe wazo lilianzia darasa kama hili huko Stanford, la kutengenezea watu wa kipato kidogo vitu. Hapo nikakaa vizuri.

Jumamosi ya pili ndio ilirudisha pesa yangu. Tulitupwa soko la Marikiti, kikundi chetu kikapewa watu wa mkokoteni, na sisi tulikuwa tushachora breki tayari, tunajiona mainjinia. Mzee mmoja akatuangalia, akainamisha mkokoteni nyuma, kile kipande cha tairi kilichofungwa nyuma kikasugua lami ukasimama, akauliza, "Sasa vijana wangu, mnaniletea breki gani?" Aibu. Sheria ni uulize tu usikize, usianze kuuza wazo lako, na wacha nikwambie hiyo ni ngumu maana mdomo unawasha. Baada ya karibu nusu saa ndio akasema mkokoteni wenyewe si wake, anakodi, na hata siku amekosa mzigo lazima amlipe mwenye mkokoteni. Breki ikaenda kwa pipa.

Kutoka hapo ikapoa. Siku mbili za katoni na gundi, karakana hakuna, ukimaliza hakuna anayekufuatilia, na cheti kilikuja na jina langu vibaya. Tulimpelekea mzee wazo la chama cha kununua mikokoteni akasema walishajaribu, mweka hazina akahama na simu.

Mimi nauza viatu Gikomba. Wiki iliyofuata nikauliza wateja wanaoenda bila kununua ni nini, nikidhani ni bei, watatu wakaniambia hawana mahali pa kukaa wajaribu kiatu. Nimenunua stuli mbili.