Nimefunga muziki kwenye Toyota IST: kilichofaa na nilichorudia

Gari ni IST ya kwanza, ile ya NCP60, usukani kulia. Duka lililofunga liko Kariakoo, jina naliacha. Nimeutumia muziki huu miezi minne. Vifaa ni vizuri, ufungaji wa wastani, na kutuni (kurekebisha sauti) kulikuwa kubovu. Kilichobadilisha sauti kuliko chochote ni milango, ethi (waya hasi unaofungwa kwenye bodi ya gari), na saa chache za kukaa na kompyuta na maikrofoni. Vitatu hivyo ndivyo duka ilivyovihesabu kuwa mapambo.

Vifaa: redio ya Android ya inchi 7, DSP (kichakata sauti kinachogawa masafa na kuchelewesha sauti) ya chaneli 8 za kutoka, amplifaya ya chaneli 4 yenye wati 75 RMS (nguvu ya kudumu, si ya kilele) kwa chaneli kwenye omu 4, amplifaya ya mono yenye wati 300 RMS kwenye omu 2, spika za mbele za inchi 6.5 na twita zake, na sabufa moja ya inchi 12 yenye koili mbili za omu 4 kila moja. Spika za nyuma nimeziacha kimya. Chaneli nne nimezigawa: mbili za twita, mbili za spika za milangoni, bila ile krosova (kigawa masafa) ya kijiboksi inayokuja na spika. DSP ndiyo inayokata masafa.

Kuhusu wati: ukiambiwa dukani "hii ni ya wati 1,200", geuza amplifaya uangalie fyuzi. Amplifaya yenye fyuzi ya ampea 30 inavuta kwenye volti 13.8 wati 414 tu, na kama ni ya daraja AB karibu nusu ya hizo zinaishia kuwa joto. Kinachobaki kufika kwenye spika ni wati 200 na kitu. Namba kubwa kwenye boksi ni ya kupamba tu. Tafuta neno RMS na omu ngapi. Kama havijaandikwa, achana nayo.

Redio. Magari haya huja na redio ya Japani inayoshika FM kuanzia 76 hadi 90 MHz, na stesheni zetu ziko 87.5 hadi 108, ndiyo maana watu huwekewa kile kifaa cha kusogeza masafa, na stesheni inasoma namba isiyo yake. Nilibadilisha redio nzima. Angalizo ni moja: nafasi ya dashibodi ya Toyota ina upana wa milimita 200, na redio nyingi za kawaida ni 178, kwa hiyo chukua ile yenye umbo la Toyota, la sivyo utabaki na mapengo pembeni yaliyozibwa kwa vipande vya plastiki. Waya usikate, kuna soketi za Toyota za pini 10 na pini 6 zinazochomeka moja kwa moja. Bluu yenye mstari wa njano ni moto wa kudumu, kijivu ni wa swichi, kahawia ni ethi. Spika ya mbele kushoto ni pinki chanya na zambarau hasi. Ya mbele kulia ni kijani mpauko chanya na bluu hasi. Nyaya hizohizo za milangoni nimezitumia kupeleka sauti ya amplifaya kwenye spika, maana wati 75 kwenye omu 4 ni ampea 4 na kidogo, na waya wa kiwandani unazibeba bila shida. Waya mpya ni wa twita tu, na kwa kuwa twita nimezifunga kwenye nguzo za kioo cha mbele, haupiti kwenye ule mpira wa mlango unaowatoa mafundi jasho.

Redio hiyo ndiyo sehemu dhaifu ya mfumo wote. Boksi linasema inatoa volti 4 kwenye RCA (matundu ya kutolea sauti kwenda DSP). Nilipopima kwa wimbi la 1 kHz nikapata 1.9. Sauti yake ina hatua 40, na kwenye oskiloskopu (kifaa kinachochora wimbi la umeme) wimbi lilianza kukatwa vichwa kwenye 35. Nimeweka kikomo cha 32. Fundi alikuwa ameacha "loudness" imewaka na ekolaiza ya redio imepandishwa besi na twita, halafu akatuni juu ya hapo. Zima vyote kabla hujagusa kitu kingine.

Waya wa umeme. Hapa duka lilinipa seti ya "4 AWG" (kipimo cha unene wa waya) ambayo ndani ni alumini iliyopakwa shaba. Kwangua nyuzi moja kwa wembe: ikitoka nyeupe ni alumini. Inapitisha umeme karibu theluthi mbili tu ya shaba, na kwa hewa ya chumvi ya huku pwani inaoza kwenye maungio. Nilirudisha, nikaongeza hela, nikapata shaba halisi, ile ya takriban milimita za mraba 21. Fyuzi ya ampea 80 imekaa sentimita 30 kutoka kwenye betri, isizidi 45. Fyuzi hiyo haiilindi amplifaya, inalinda waya usiwashe gari moto ukikatika na kugusa bodi. Panapotoboka ukuta wa injini weka mpira, usipitishe waya kwenye bati tupu.

Umeme ulipita upande wa kushoto wa gari, RCA upande wa kulia. Hilo fundi alilifanya vizuri. Lakini gari likiwaka kulikuwa na mluzi unaopanda na mwendo wa injini, na dawa aliyotaka kuniuzia ni kile kichujio cha kuchomeka kwenye RCA. Kichujio kinaficha ugonjwa na kinakula besi. Ugonjwa ulikuwa ethi: aliifunga kwenye bolti ya mkanda wa siti. Bolti hiyo ina rangi na gundi kwenye nyuzi zake, na zaidi ya hapo ni ya kukuokoa kwenye ajali, haitakiwi kuguswa. Nilipima kati ya ethi ya amplifaya na hasi ya betri, muziki ukipiga kwa nguvu: volti 0.4. Nikatafuta bati nene la sakafu ya buti, nikakwangua rangi mpaka chuma king'ae, bolti ya M8 na washa ya meno, waya wa sentimita 40, kisha nikapaka rangi juu ya maungio kuzuia kutu. Ikashuka hadi 0.05, na mluzi ukaondoka siku hiyohiyo.

Kosa lingine dogo: waya wa kuwashia amplifaya aliuchukua kwenye moto wa swichi badala ya ule wa bluu na nyeupe wa redio. Matokeo yake ni mpigo wa "tup" kila ukizungusha ufunguo. Kwa twita zisizo na krosova ya kijiboksi mpigo huo ni hatari, ndiyo maana kila twita nimeiwekea kapasita ya mikrofaradi 33 kwenye waya wa chanya. Kwenye omu 4 inaanza kuzuia chini ya takriban 1,200 Hz, mbali kabisa na pale DSP inapokata, kwa hiyo haiharibu sauti. Inasubiri tu siku mtu atakapokosea mpangilio.

Milango ndipo ningeweka hela kwanza kama ningeanza upya. Spika ya mlangoni inahitaji mlango uwe kama boksi, na mlango wa IST ni bati jembamba lenye matundu makubwa yaliyofunikwa nailoni. Niliweka shiti za butili zenye foili, unene wa milimita 2, jumla ya mita za mraba 2 kwa milango miwili: bati la nje karibu nusu yake tu, bati la ndani kuziba matundu yote. Duka lilikuwa na shiti za lami, zile za mapaa, kwa bei ya chini sana. Usithubutu. Gari likishinda juani Dar, lami inalainika, inateleza chini na inanuka miezi. Safisha bati kwa spiriti, bandika, halafu sukuma kwa rola mpaka nakshi za foili zilale. Matundu madogo chini ya mlango yaache wazi. Ndiko maji ya mvua yanakotokea. Pete za kushikia spika kama ni za MDF (mbao ya unga uliogandamizwa) zipake rangi ya mafuta pande zote, kwa sababu mlango ndani hulowa. Na kabla ya kukata pete teremsha kioo mpaka chini kabisa upime nafasi nyuma ya spika.

Boksi la sabufa nilichagua lililofungwa, si la bomba. Buti ya IST ni ndogo, na boksi la bomba kwa inchi 12 lingetaka karibu lita 55. Langu lina vipimo vya ndani 40 kwa 33 kwa 25, yaani lita 33, na sabufa yenyewe inakula lita 2 hadi 3. MDF ya milimita 18, gundi ya mbao na skrubu kila sentimita 10, silikoni kwenye pembe zote. Silikoni yenye harufu ya siki iache ikauke saa 24 kabla ya kuweka sabufa, mvuke wake haufai kufungiwa na gundi za spika. Koili zimeunganishwa sambamba kupata omu 2. Kwa mita zinasoma 1.7 hivi, hiyo ni kawaida. Fundi alikuwa ameziunganisha mfululizo, omu 8, ambapo amplifaya inatoa takriban robo ya nguvu yake, kisha akafidia kwa kufungua geini mpaka mwisho.

Geini si kitufe cha sauti. Inaoanisha volti za DSP na amplifaya, basi. Nilivyoiweka: chomoa spika, redio kwenye 32, piga wimbi la 50 Hz kwa sabufa na 1 kHz kwa milango, kisha fungua geini taratibu ukipima volti za AC kwenye matokeo. Kiwango ni mzizi wa wati mara omu. Kwa wati 300 na omu 2 ni volti 24.5, kwa wati 75 na omu 4 ni 17.3. Twita niliziacha kwenye volti 9 kwa kuwa hazihitaji nguvu hiyo, na ule mvumo wa "shhh" wimbo ukinyamaza ukapotea.

Kukata masafa: sabufa chini ya 80 Hz, spika za milangoni 80 hadi 3,150, twita juu ya 3,150, zote kwa mteremko wa dB 24 kwa oktava. Twita ndogo usijaribu kuishusha 2,000, utaizika.

Kisha kuchelewesha sauti. Ukiwa kwenye usukani wa kulia spika ya kulia inakufikia kwanza, na mwimbaji anakaa gotini kwako badala ya katikati ya dashibodi. Pima kwa futi kamba kutoka kila spika hadi katikati ya kichwa. Kwangu: sabufa sentimita 195, mlango wa kushoto 138, twita ya kushoto 122, mlango wa kulia 88, twita ya kulia 76. Ya mbali inapata sifuri, nyingine zinasubiri tofauti yake. Kwa joto la huku sauti hukimbia karibu sentimita 34.9 kwa milisekunde, kwa hiyo mlango wa kushoto milisekunde 1.63, twita ya kushoto 2.09, mlango wa kulia 3.07, twita ya kulia 3.41. Baada ya hapo sauti bado haikukaa katikati. Sababu: spika ya mlango wa kushoto ilikuwa imegeuzwa chanya na hasi. Betri ndogo ya volti 1.5 inatosha kupima; gusisha chanya kwa chanya, koni isukumwe nje. Yake iliingia ndani. Kwa sabufa nilipiga 80 Hz nikageuza polariti kwenye DSP, nikabaki na upande uliotoa besi nene zaidi mbele.

Ekolaiza nimefanya kwa REW, programu ya bure ya kupima sauti, na maikrofoni ya UMIK-1 niliyoazima. Unapiga kelele ya pinki (mvumo wenye masafa yote), unaizungusha maikrofoni polepole pale kichwa kinapokaa, upande mmoja kwa mmoja. Kulikuwa na kilima cha dB 8 karibu na 200 Hz kutoka milangoni na kingine cha dB 6 kwenye 2,500 kinachotoka kwenye kioo. Vilima nimevikata. Mashimo nimeyaacha: mengi yanatokana na mawimbi kugongana, ukiyajaza unachosha amplifaya bure. Besi chini ya 80 nimeiacha juu ya sauti ya kati kwa dB 7, maana tairi na injini huimeza ukitembea.

Sasa gitaa la sebene linasikika uzi kwa uzi, na kwenye taarabu besi ya mkono inatenganishika na ngoma. Nyimbo za kwenye flashi za mitaani zilizobanwa mno zinasikika vibaya kuliko zamani. DSP haina dawa ya hilo.

Ufundi nililipa shilingi 350,000. Kwa kazi iliyobidi nirudie ethi, koili, polariti na kutuni kote, ningekubali nusu. Kupanga waya, kufungua na kurudisha kava za milango bila kuvunja klipu hata moja, hapo sina lawama. Ukienda duka lolote uliza swali moja kabla ya bei: watapima geini kwa nini? Wakijibu "kwa sikio", lipia kufunga tu.

Kilichobaki ni mitetemo. Piga wimbi linalopanda polepole kutoka 20 hadi 120 Hz huku ukibonyeza sehemu kwa mkono. Kwangu ilikuwa kibao cha namba na kava la mlango wa nyuma, tepu ya sponji ikamaliza. Na baada ya wiki tatu nimefungua boneti kukagua: skrubu ya kishikio cha fyuzi ilikuwa imelegea nusu mzunguko.