Emirates kutoka Dar es Salaam na Nairobi: tazama ndege kabla ya kuchagua daraja

Anayekata tiketi ya Emirates akitokea Dar es Salaam, Nairobi au Entebbe huulizwa daraja mapema sana, kwa kuwa ndivyo ukurasa wa kununulia tiketi ulivyopangwa: unakotoka, unakokwenda, tarehe, idadi ya abiria, daraja. Aina ya ndege huja baadaye, kwa maandishi madogo chini ya saa za kuondoka na kufika, na wengi hawaisomi. Kwa maoni yangu mpangilio huo ungepaswa kugeuzwa, kwa sababu katika shirika hili daraja lenye jina moja huweza kuwa kiti kizuri mno katika ndege moja na kiti cha kuvumilia katika ndege nyingine, hali nauli zake zinakaribiana.

Emirates, iliyoanza kuruka kutoka Dubai Oktoba 1985, huendesha safari zake nyingi kwa ndege za aina mbili. Moja ni Airbus A380 ya ghorofa mbili, ambayo hakuna shirika jingine duniani lenye nyingi kiasi hicho. Hata ile ya mwisho kuundwa ilikabidhiwa kwa Emirates, Desemba 2021. Nyingine ni Boeing 777, hasa 777-300ER, ambayo ndiyo kwa kawaida huja kwetu. Tangu Januari 2025 zipo pia Airbus A350, na zinazidi kuongezeka. Kwa hiyo msafiri wa Afrika Mashariki hupanda 777 hadi Dubai, kisha hubadilisha, na hapo pa kubadilishia ndipo penye uchaguzi wa kweli: kutoka Dubai kwenda mji mkubwa kama London huondoka ndege kadhaa kwa siku, na si lazima zote ziwe za aina moja.

Nianze na daraja la kawaida, kwa kuwa ndilo wengi wetu tunalosafiria. Katika A380 ghorofa ya chini na katika 777, viti hupangwa kumi kwa safu: vitatu, vinne, vitatu. Kwa anayetazama ramani ya viti tu, ndege hizo mbili ni sawa. Lakini ghorofa ya chini ya A380 ina upana wa ndani unaokaribia mita 6.5, ilhali 777 haifiki hata mita 5.9, na viti kumi vilevile vinapogawana nafasi iliyopungua kwa zaidi ya nusu mita, kila abiria hupoteza takriban inchi moja ya upana wa kiti. Inchi moja ukiisikia ni kitu kidogo. Ukiwa umekaa katikati ya watu wazima wawili kwa saa saba za Dubai hadi London, au saa kumi na nne za Dubai hadi New York, ndiyo inayoamua kama mkono wako utapata pa kupumzikia au utaukunja kifuani usiku kucha. A380 pia ina utulivu ambao 777 haina. Ngurumo ya injini ni ndogo na mazungumzo ya kawaida yanasikika bila kupaza sauti. Saa za kuunganisha zikikuruhusu kuchagua kati ya ndege hizo mbili kwa nauli ileile, chagua A380 bila kusita.

Kwa wanaolazimika kupanda 777, na kutoka kwetu ni takriban sote, ipo nafuu moja isiyojulikana sana. Mwili wa ndege hiyo hupungua upana kuelekea mkiani, hivyo safu chache za mwisho za daraja la kawaida hupangwa viti viwili, vinne, viwili. Mke na mume, au mzazi na mtoto mmoja, hupata viti viwili vya pembeni bila mtu wa tatu, na kati ya kiti cha dirishani na ukuta hubaki upenyo mdogo wa kuweka mto au mkoba. Hasara yake ni kuwa karibu na vyoo na kushuka wa mwisho, jambo zito kwa mtu mwenye muda mfupi wa kuunganisha.

Daraja la biashara ndilo linalohitaji macho zaidi, kwa kuwa ndilo lenye pengo kubwa baina ya ndege na ndege. Katika A380 liko ghorofa ya juu, viti vinne kwa safu vilivyopishana, kila kimoja kikitokea moja kwa moja njiani na kunyooka kuwa kitanda, na nyuma kabisa, katika nyingi, kuna baa ambapo abiria husimama na kuzungumza. Katika 777 nyingi, daraja hilohilo limepangwa viti saba kwa safu: viwili, vitatu, viwili. Chukua safu moja uitazame: A na B upande mmoja, D, E na F katikati, J na K upande wa pili. Kati ya abiria saba waliolipa nauli ya biashara, watatu, yaani wa A, E na K, hawawezi kwenda msalani usiku bila kuvuka miguu ya jirani aliyelala. Aliyepewa E ana jirani kulia na kushoto kama aliye katikati ya daraja la kawaida. Kiti chenyewe ni kipana na chakula ni kizuri, lakini sioni sababu ya kulipa mara kadhaa ya nauli ya kawaida ili kukaa katikati. Shirika linajua hivyo, ndiyo maana tangu 2024 limeanza kurudisha 777 zilizokarabatiwa zenye viti vinne tu kwa safu, kila abiria akiwa na njia yake. Ramani ya viti ndiyo itakayokuambia ni ndege ipi uliyopewa: ukiona viti vitatu katikati ya safu katika daraja la biashara la 777, hiyo ni ya mpangilio wa zamani, nawe uwahi B, D, F au J.

Katikati ya madaraja hayo mawili limeongezwa Premium Economy, lililoanza kuuzwa 2022. Katika A380 zenye madaraja manne, viti vyake ni 56 kati ya 484 vya ndege nzima, vimepangwa viwili, vinne, viwili, na kila kimoja kina upana wa inchi 19.5 na nafasi ya inchi 40 kutoka mgongo wa kiti hadi mgongo wa kiti cha mbele. Katika 777 zilizokarabatiwa viko 24 tu. Sehemu hiyo ni ndogo, haina pilikapilika, kiti kinaegemea vya kutosha na kina egesho la miguu. Asiyeweza kulipa nauli ya biashara lakini ana magoti marefu au mgongo unaouma atapata humo thamani halisi ya fedha yake. Si kitanda, na asiyepata usingizi akiwa ameketi hatalala humo pia. Si kila ndege inalo, kwa hiyo linatafutwa kwa kila kipande cha safari peke yake.

Maneno hayo, kila kipande peke yake, ningependa msomaji ayashike zaidi. Kutoka Dar es Salaam hadi Dubai ni saa tano na nusu hivi, na ndege ya Emirates kwa desturi huondoka alasiri na kufika usiku. Hizo ni saa za mtu kukaa macho, kula na kutazama filamu; kulipia kitanda katika safari ya mchana ni kununua kitu usichokitumia. Kipande cha pili, ambacho mara nyingi huondoka Dubai usiku wa manane au alfajiri, ndicho kinachomkuta mtu amechoka na ndicho kirefu. Mwenye fedha za daraja la juu kwa kipande kimoja tu na azitumie hapo. Wakala wa tiketi anayeijua kazi yake anaweza kukata tiketi moja yenye daraja la kawaida hadi Dubai na daraja la juu kuanzia hapo, na inafaa kumwuliza papo hapo mzigo utahesabiwa kwa daraja lipi, maana safari zinazoanzia Afrika huhesabiwa kwa idadi ya mabegi, nayo uzito wa kila begi hutofautiana: katika daraja la kawaida ni kilo 23, katika la biashara kilo 32.

Ndani ya daraja moja kuna nauli za aina nne, Special, Saver, Flex na Flex Plus, na hapa ndipo bei inayovutia huficha masharti. Kadiri unavyopanda ndivyo gharama ya kubadilisha tarehe inavyopungua na maili za Skywards, mpango wa Emirates wa kuwazawadia wasafiri wake, zinavyoongezeka. Mwenye Special au Saver hulipia kuchagua kiti mapema, ama husubiri hadi saa 48 kabla ya safari, usajili wa mtandaoni unapofunguliwa, achague bure katika vilivyobaki. Aliyepanga kuketi katika zile safu za mkiani na awe macho saa hiyohiyo. Katika daraja la biashara, nauli ya Special, iliyoanzishwa 2019, inakupa kiti na chakula cha daraja hilo lakini haikupi ukumbi wa mapumziko wala gari la kukupeleka uwanjani. Kwa mtu mwenye saa mbili tu Dubai huo si upungufu mkubwa. Kwa mwenye saa sita ni upungufu wa kutosha kumfanya afikirie nauli ya juu yake.

Daraja la kwanza nitalitaja kwa ufupi. A380 zenye daraja hilo zina vyumba 14 vyenye milango na bafu mbili ambamo kila abiria hupewa dakika 5 za maji. 777 chache zina vyumba sita vilivyofungwa hadi darini, vilivyoonyeshwa mara ya kwanza Novemba 2017. Ni kazi nzuri ya ufundi, lakini kwa nauli yake sioni kwamba usingizi wake unazidi ule wa daraja la biashara la A380 kwa kiasi kinacholingana na tofauti ya bei. Chakula ni halali katika madaraja yote, na anayehitaji mlo maalumu, wa kisukari kwa mfano, huuagiza si chini ya saa 24 kabla ya kuondoka.

Wanaoanzia Mombasa au Zanzibar wasome kwa makini jina la anayeendesha ndege. Tovuti ya Emirates huuza safari za flydubai, shirika jingine la Dubai, kwa ubia ulioanza 2017, na flydubai hutumia Boeing 737 zenye njia moja tu katikati. Ni ndege safi na inafika, ila si ile iliyo katika picha za matangazo, na huenda ikakushusha jengo tofauti na lile la kuondokea, kwa hiyo muda wa kuunganisha unapaswa kuwa mrefu zaidi.

Muda huo ndio ningeutanguliza mbele ya daraja kwa wazazi wetu wanaokwenda kuwatazama watoto na wajukuu ughaibuni. Jengo la tatu (Terminal 3) la uwanja wa Dubai ni kubwa mno, na kutoka lango moja hadi jingine mtu hupanda lifti, treni ya ndani, kisha hutembea tena. Mama yangu mkubwa, aliyepita sabini, alisafiri daraja la kawaida akiwa ameombewa kiti cha magurudumu tangu siku ya kukata tiketi. Kijana alimpokea mlangoni mwa ndege, akamsalimu shikamoo kwa Kiswahili cha kubahatisha, akamsukuma hadi lango la pili na kumwonyesha choo njiani. Huduma hiyo haina malipo. Kwa msafiri kama yeye, saa tatu hadi nne za kuunganisha zinatosha bila haraka, chini ya mbili ni kumtesa, na zikiwa nyingi mno, hali shirika halina safari ya mapema zaidi siku hiyo, wakala aulize kuhusu Dubai Connect, yaani hoteli inayolipiwa na shirika. Maombi hayo hupelekwa kabla ya safari, si baada ya kufika.