Vibao vidogo vyeupe vya darasani, kila mtoto anajibu

Nimevitumia hivi vibao muhula mzima na darasa la watoto 40 na kitu, na kwa kweli vimenibadilishia ufundishaji. Zamani nikiuliza "mmeelewa?" darasa zima "ndiyooo mwalimu", halafu mtihani ukija unashangaa. Sasa nauliza swali, kila mtu anaandika jibu lake, nikisema onyesheni wanainua wote kwa pamoja na mimi naona palepale nani kakwama wapi, hata yule mpole wa kona ya nyuma ambaye hajawahi kunyoosha mkono anaongea na mimi kupitia kibao, hicho ndo kimenigusa sana. Ila msiwaharakishe jamani. Mary Budd Rowe, mtafiti wa elimu wa Marekani, alitafiti hili miaka ya 1970 akakuta walimu wengi wanasubiri kama sekunde 1 tu baada ya swali, ukifikisha 3 majibu yanakuwa marefu na wanajitokeza wengi zaidi, nimejaribu ni kweli kabisa. Kasoro ni kalamu, zinakauka haraka mno, na wino usipofutwa siku hiyohiyo unaganda, kitambaa chenye maji kidogo kinasaidia. Nawapa nyota 4, kalamu zikiboreshwa naongeza ya 5.