Semina ya kulinda watoto kwa makochi na walimu wa madrasa hapa Malindi: nimekaa siku zote mbili, haya ndio maoni yangu

Nimengoja wiki tatu kabla ya kuandika manake nilitaka kwanza nione kama yale tuliyofunzwa yanafanya kazi uwanjani ama ni maneno ya ukumbini tu. Yanafanya kazi. Nawapa nyota nne kati ya tano, na ile moja niliyoizuia ntaeleza huko chini.

Mimi nafunza timu ya wasichana wa chini ya miaka 14 huku Maweni, twacheza jioni wakitoka skuli, sote ni wa kujitolea na mipira tumechangishana kununua. Semina ilikuwa Jumamosi na Jumapili, saa tatu asubuhi mpaka saa kumi, ada shilingi 1,000 kwa siku zote mbili na chakula ndani yake (pilau siku ya kwanza, wali wa nazi na samaki siku ya pili, kizuri tu). Tulikuwa kama watu 30 hivi, makochi wa mpira, walimu watatu wa madrasa, mama wa kwaya, kiongozi wa skauti, vijana wanaofunza watoto kuogelea na kina mama wawili wa netiboli waliotoka Gede. Aliyetufunza ni afisa wa watoto mstaafu, mama wa makamo, sauti yake ndogo lakini ukumbi mzima ulinyamaza, na alisaidiwa na kijana mmoja muuguzi.

Niseme kwa nini nilienda. Miaka miwili nyuma nilikuwa na mtoto kwenye timu, miaka 12, mbio kama upepo. Akaanza kukosa mazoezi, akija anakaa pembeni na leso yake amejifunika mpaka shingoni na jua lile, hataki kuguswa bega, na siku moja nikamuona ana simu nzuri ambayo nyumbani kwao hawawezi kuinunua. Mimi nikasema huyu ameanza mambo ya wavulana, nikamtoa kwenye kikosi. Wallahi nilimtoa, tena mbele ya wenzake. Baadaye sana ndio tukajua kuna mtu mzima aliyekuwa akija kujitolea, anapiga picha za timu na kuwarudisha watoto makwao na pikipiki yake, na huyo mtoto ndiye aliyekuwa akishushwa wa mwisho kila siku. Wakubwa wa programu aliyokuwa akijitolea waliketi na familia, pesa ikatoka, mtu akahama mji. Mimi sikuripoti popote, nilidhani sina haki ya kuripoti kwa kuwa mimi si mzazi wala si mwalimu wa serikali. Nimeishi na hilo.

Kwa hivyo niliingia pale nikiwa na maswali yangu, na saa ya kwanza tu yule mama akataja karibu kila kitu nilichokiona kwa yule mtoto nikakipita. Alisema alama moja peke yake haithibitishi kitu, mtoto anaweza kununa kwa sababu ya njaa ama wazazi wamegombana, lakini wewe kochi wamuona mtoto mara tatu nne kwa wiki, wajua alivyo, basi angalia mabadiliko na angalia yanavyofuatana. Mchangamfu kawa kimya, mtoto mkubwa kaanza tena kukojoa kitandani, anaogopa mtu mmoja maalum ama pahali maalum, anatembea ama kukaa kwa maumivu, ana pesa ama vitu asivyoweza kueleza vimetoka wapi, anajua mambo ya chumbani yaliyomzidi umri. Akatuonyesha pia kwenye mchoro wa mwili, mtoto wa mpira huchubuka magoti na miundi, hiyo ni kawaida, lakini alama masikioni, shingoni, mgongoni ama ndani ya mapaja usiipite tu.

Sehemu iliyonikaa zaidi ni ile ya namna mtoto anavyolainishwa. Mimi nilikuwa nadhani mbaya anakuja na nguvu. Kumbe anaanza na mzazi. Anaazima mama pesa ya unga, anaitwa mjomba, anamnunulia mtoto viatu vya mpira, anampa lifti, anamtumia meseji usiku, halafu anamvunjisha sheria moja ndogo na kumwambia hii siri yetu, na siku mtoto akitaka kusema anaona atakayelaumiwa ni yeye kwa sababu alishapokea. Akatukumbusha ule utafiti wa 2006 wa serikali na UNICEF kuhusu pwani yetu, Malindi, Mombasa, Kilifi na Diani, uliokadiria wasichana kati ya 10,000 na 15,000 walikuwa wakitumiwa kingono kwa pesa ama zawadi, na sisi hapa tukisikia hivyo akili inaenda kwa watalii moja kwa moja, lakini utafiti huohuo ulionyesha Wakenya wenyewe ni sehemu kubwa ya hao wanaume. Ukumbi ukawa kimya kabisa hapo.

Halafu ustadh mmoja akainua mkono, na nashukuru aliuliza manake nusu ya watu walikuwa na swali hilohilo kifuani. Akasema, "Mama, mimi nikiwa sina hakika, na mtu mwenyewe ana heshima zake mtaani, si ntakuwa nimemzulia? Na buhtani ni dhambi kubwa." Yule mama hakumkatiza. Akamjibu, "Ustadh, kuzulia ni kusema jambo ambalo wajua halikuwa, ama kulitangaza barazani. Wewe utasema ulichokiona kwa macho yako na ulichoambiwa kwa masikio yako, kwa mtu ambaye kazi yake ni kuchunguza, basi. Kuhukumu hukupewa." Ustadh akaandika kwenye daftari lake, nikamuona.

Na hapo akatupa mfano wa Marekani, wa Larry Nassar, yule daktari wa timu ya jimnastiki aliyehukumiwa Januari 2018 kifungo cha miaka 40 mpaka 175. Wanawake na wasichana zaidi ya 150 walizungumza mahakamani. Kilichonichoma ni kwamba kuna walioambia watu wazima tangu 1997, wakaambiwa hawakuelewa tu matibabu. Na hata 2015 wakubwa wa chama cha mchezo huo walipopata habari, zilipita wiki tano hivi kabla ya kuwaendea FBI, wapelelezi wa serikali ya Marekani. Ndio Marekani wakapitisha sheria Februari 2018 kwamba mtu mzima anayefanya kazi na wanamichezo watoto akishuku dhulma lazima aripoti ndani ya saa 24, kwa wenye mamlaka, haitoshi kumwambia bosi wake. Huku kwetu walimu wa skuli wana waraka wa 2010 wa TSC, tume ya serikali inayoajiri walimu, unaowalazimu kuripoti na kumuadhibu anayeficha, lakini kochi wa mtaani na mwalimu wa madrasa hatuko chini ya TSC, kwa hivyo yeyote anaweza kuja na filimbi na jezi akapewa watoto, na hili ndilo pengo ambalo mimi ningependa wazazi walijue.

Mambo ya kuripoti waliyaeleza kwa mazoezi, watu wawili wawili, mmoja mtoto mmoja kochi, na hiki ndicho kipindi bora cha semina nzima. Nilifeli mara ya kwanza. Mwenzangu akaniambia "nna kitu nataka kukwambia lakini usimwambie mtu" nami nikajibu haraka "sawa, siambii mtu." Hapo ushakosea, manake itabidi useme, na mtoto atajua umemdanganya. Sema ntawaambia wale tu wanaoweza kukusaidia. Usimuulize "ni fulani alikushika?" unamtia jina mdomoni na kesi inaharibika, muache aeleze mwenyewe, wewe sema "ehe, halafu?" Mwambie umemuamini na si kosa lake. Usimkusanyie watu asimulie tena na tena. Andika maneno yake yaleyale, tarehe na saa. Na usiende kumkabili mtu, utampa nafasi ya kutoroka ama kumtisha mtoto.

Namba ya simu ya kuripoti dhulma ya watoto ni 116, bure, usiku na mchana, na huhitaji kuwa na hakika ndio upige. Ofisi ya watoto ya kaunti ndogo pia unaenda tu, na polisi kuna dawati la jinsia, omba namba ya OB (kitabu cha matukio cha polisi), usiondoke bila hiyo. Ikiwa ni kubakwa ama kunajisiwa, yule muuguzi alisisitiza hospitali mapema sana, dawa za kuzuia HIV ni ndani ya saa 72, ya kuzuia mimba ndani ya saa 120, mtoto asioshwe, nguo alizovaa zifungwe kwenye gazeti ama bahasha ya karatasi, si mfuko wa plastiki, manake unyevu unaharibu ushahidi. Hospitali wanajaza fomu ya PRC, ya matibabu baada ya kubakwa, polisi wanatoa P3, fomu ya daktari kuandika majeraha kwa ajili ya kesi, na P3 ni bure, ukiombwa pesa usitoe. Mimi nilikuwa najua ni ya kununua.

Na kuhusu kumaliza nyumbani, alikuwa mkali. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 inasema kunajisi mtoto wa miaka 11 ama chini ni kifungo cha maisha, wa 12 mpaka 15 si chini ya miaka 20, wa 16 mpaka 18 si chini ya 15. Si kesi ya wazee kuifuta kwa mbuzi na shilingi, wala si ya kadhi, kadhi kwetu ni ndoa, talaka, mirathi. Nilimfikiria yule mtoto wangu hapo, ikabidi nitoke nje kidogo.

Sasa nyota niliyozuia. Kwanza slaidi zilikuwa Kizungu zote, wale mama wa Gede walikuwa wakiniuliza mimi kila mara hapo pameandikwa nini, na wao ndio wana watoto wengi kuliko sote. Pili mada ya wavulana wanaodhulumiwa ilipewa kama dakika kumi mwisho wa siku watu wanapanga mikoba. Ule utafiti wa kitaifa wa 2010 kuhusu ukatili kwa watoto ulipata wanaume 18 kati ya 100 walidhulumiwa kingono kabla ya miaka 18, si wachache hao, na mvulana akidhulumiwa huku kwetu mdomo unafungwa mara mbili, kwa aibu ya kitendo na aibu ya ataitwa nani. Watoto wenye ulemavu hawakutajwa kabisa. Na vyeti, jamani, walitoa vyeti kwa kila aliyekuja hata waliokuja baada ya chakula cha mchana Jumapili. Mzazi akiona cheti ukutani ataamini, kwa hivyo wasikitoe kwa yeyote asiyekaa siku mbili.

Kwenye timu yetu tumebadilisha mambo. Hakuna mtoto kupandishwa pikipiki na kochi peke yake, tukichelewa twatembea nao kikundi mpaka wa mwisho afike. Watu wazima wawili kila mazoezi, tukiwa mmoja hatuchezi, na tumeshaahirisha mara mbili, watoto walinuna. Meseji zote ziko kwenye grupu la wazazi. Picha anapiga mzazi. Na kwenye chumba tunachobadilishia nguo pameandikwa 116 kwa rangi nyekundu, kubwa.

Wiki iliyopita mtoto mmoja alibaki nyuma akaniambia "nna kitu nataka kukwambia, usimwambie mtu." Nilikaa chini kwenye mchanga, nikamjibu vile nilivyofunzwa. Siandiki zaidi ya hapo, yako kwa wanaohusika.

Kwa waliopanga semina: tafadhali ileteni Mambrui na Gongoni, makochi wa huko nauli ya siku mbili hawana, na leteni karatasi za Kiswahili, mimi niko tayari kusaidia kutafsiri bure.