Nimefungua kopo la kapsuli za manjano mbele yenu

Habari zenu wapendwa. Kopo mlilokuwa mnaniulizia ndilo hili, kapsuli 60 za manjano. Jina la kampuni nimelifunika na utepe, sitaki kesi na mtu. Wageni, mimi nina vidonda vya utumbo mpana, mwaka wa sita huu, na mesalazini, dawa ya hospitali ya kutuliza utumbo, nameza kila siku.

Mbele wameandika 1000 mg, maandishi makubwa hayo. Geuza nyuma, ngoja niwashe tochi... mnaona? Hiyo ni kwa kapsuli mbili. Na ndani ya kila moja, miligramu 450 ni unga wa kawaida, dondoo, yaani manjano iliyokamuliwa na kukolezwa, ni 50 tu. Nafungua moja kwenye sahani. Haya, harufu ya mchuzi wa samaki, na kidole kimeshakuwa cha njano!

Tunachokitafuta kwenye manjano ni kurkumini, na kwenye unga mara nyingi ni kama asilimia 3 hivi. Dondoo yenyewe mara nyingi karibu yote ni kurkumini, kwa hiyo kwa hesabu yangu kapsuli moja inanipa kama miligramu 60. Sasa sikilizeni: Japani, utafiti uliotoka 2006, wagonjwa wa vidonda hivi walipewa gramu 2 za kurkumini kwa siku, miezi sita, juu ya dawa zao. Ugonjwa ukawarudia 2 kati ya 43. Waliopewa kidonge kitupu kisicho na kurkumini, juu ya dawa zao vilevile, 8 kati ya 39. Inatia moyo kwa kweli. Ila kwa kopo hili, kufika gramu 2 nimeze kapsuli zaidi ya 30 kwa siku. Kopo haliishi siku mbili! India walijaribu dozi ndogo, miligramu 450 kwa siku, haikufua dafu.

Tena nimesema juu ya dawa zao. Muuzaji kaniambia, "Dada, achana na hizo za hospitali." Mwaka juzi nilimsikiliza mwenzake. Wiki ya tatu naenda chooni mara kumi na mbili, damu tupu.

Halafu hapa chini kuna piperini, ya pilipili manga. Inaipenyeza kurkumini mwilini, sawa, lakini inaweza kuvuruga dawa nyingine, na wapo watu walioumia ini kwa kapsuli za manjano. Mimi kopo nilikwenda nalo kliniki, daktari akaniandikia kipimo cha ini kwanza. Mnaotumia dawa za kuzuia damu kuganda, msiguse kabla hamjamuuliza daktari wenu.

Alama? Mbili kati ya kumi. Zote za kifuniko, kinafunga vizuri.