Singapore hadi Kuala Lumpur: dakika 45 hewani, saa sita njiani

Kabla ya kukata tiketi nilipima umbali mtandaoni: kutoka Changi, uwanja wa ndege wa Singapore, hadi KLIA, ule wa Kuala Lumpur, ni kama kilomita 300. Mimi ni mtu wa Mombasa, na kwetu kwenda Nairobi kwa ndege ni zaidi ya kilomita 400, basi nikaona hapa ni pua na mdomo. Tiketi iliandikwa muda wa saa moja na dakika kumi. Nikaamini.

Safari ya hewani sina neno nayo. Tulichelewa kuondoka dakika 25 (shirika lilitangaza mara moja, kisha kimya), lakini ndege ilipopaa nilitazama saa, na magurudumu yalipogusa chini kule Sepang, uliko uwanja wa KLIA, zilikuwa zimepita dakika 45. Wahudumu walipita mbio na maji. Sijamaliza bilauri yangu, tukaanza kushuka juu ya mashamba ya michikichi yaliyonyooka mistari kama ukili kwenye mkeka. Ile saa moja na ushei ya kwenye tiketi huhesabiwa tangu ndege inapoacha lango hadi inapoegeshwa, na kule kutambaa kote chini kumo humo. Saa ya mkononi huigusi, kwa kuwa nchi hizi mbili zina majira mamoja.

Muda wenyewe unaliwa nchi kavu. Nilitoka hotelini saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kwa ndege ya saa tatu na nusu. Foleni ya mizigo, ukaguzi, kungoja. Kisha upande wa pili uhamiaji, na begi langu likawa la mwisho mwisho kutokea. Halafu KLIA haiko mjini. Kutoka hapo hadi KL Sentral, kituo kikuu cha treni mjini, ni kilomita 57. Treni ya KLIA Ekspres huzimaliza kwa nusu saa hivi, kwa ringgit 55, na ni safi kwelikweli. Nilishuka KL Sentral saa sita na nusu mchana. Jumla ya saa sita kamili tangu hotelini!

Kurudi nikapanda basi. Safari huchukua saa tano hadi sita, unateremka mara mbili kugongewa pasipoti, lakini kiti ni kipana na nauli ilikuwa ndogo kuliko ya ndege. Reli ya mwendo kasi iliyokusudiwa kuiunganisha miji hii kwa dakika 90, mpango wake ulivunjika mwanzoni mwa 2021, kwa hiyo usiingoje.

Ndege naipa nyota tatu. Ingekuwa tano kama ningekuwa naunganisha safari palepale KLIA bila kuingia mjini.

Jambo moja: fomu ya kidijitali ya kuingia Malaysia ijaze ndani ya siku tatu kabla ya kufika. Kaka aliyekuwa mbele yangu alikuwa akiijaza pale pale kwenye foleni, simu ikikata chaji.