Uzoefu wangu: Diski ya 4K ya "Lawrence of Arabia" ya David Lean

Ukiiweka diski hii na skrini ikabaki nyeusi huku muziki ukipigwa, usiitoe. Haina kasoro. Huo ni utangulizi wa mtunzi wa muziki Maurice Jarre, dakika nne hivi, uliotungwa kwa ajili ya kumbi za sinema za 1962, watu wakiwa bado wanatafuta viti vyao. Usiuruke.

Nimeitazama filamu hii, inayomhusu ofisa Mwingereza T.E. Lawrence aliyepigana pamoja na Waarabu katika Vita vya Kwanza vya Dunia, kwa DVD, kwa intaneti na sasa kwa 4K (picha yenye upana wa nukta kama elfu nne), kwenye televisheni ya inchi 55. Kipimo changu ni tukio moja: kisimani, Omar Sharif anapotokea mbali akiwa juu ya ngamia. Mpiga picha Freddie Young alitumia lenzi ndefu ya milimita 482, na mtu anaanza kama nukta inayotetemeka ndani ya mazigazi. Kwenye DVD nukta ile hupotea kabisa mwanzoni. Kwenye intaneti anga na mchanga hugeuka vijisanduku, kwa kuwa data imebanwa mno. Kwenye diski unamwona mapema na unamngoja, na kungoja huko ndiko Lean alikokutaka. Kwake udogo wa binadamu mbele ya jangwa ndiyo habari yenyewe, kwa hiyo ubora wa picha hapa si anasa.

Lean alipiga kwa negativu (ukanda wa filamu unaopita ndani ya kamera) ya milimita 65, pana kuliko ile ya kawaida ya 35, na ndiyo maana kuna kitu cha kuonyesha. Kwa toleo la 2012 negativu ilisomwa kwa 8K (maradufu ya 4K kwa upana) kisha kazi ikamalizwa kwa 4K, na nyufa nyembamba zilizoletwa na joto la jangwani zikafutwa. Kabla ya hapo filamu ilikuwa imekatwakatwa. Robert Harris aliiunganisha upya, ikaonyeshwa 1989, Lean mwenyewe akiwa hai na akishiriki. Baadhi ya vipande vilikosa sauti, ikabidi waigizaji warekodi tena maneno yao baada ya robo karne. Jack Hawkins alikuwa amefariki, hivyo Charles Gray akamsemea.

Sasa mipangilio, maana hapa ndipo wengi wanapoiharibu. Zima kabisa kipengele cha televisheni cha kulainisha mwendo (motion smoothing). Filamu ina fremu 24 kwa sekunde. Kipengele hicho hubuni fremu za katikati, na msafara wa ngamia unaanza kufanana na tamthilia ya video. Chagua hali ya sinema, shusha ukali wa picha hadi sifuri au karibu yake. Usikuze picha ili kuondoa mistari myeusi: umbo lake ni 2.20 kwa 1, kwa hiyo kwenye inchi 55 mistari ni kama sentimita 6.5 juu na chini. Ukikuza unapoteza karibu moja ya tano ya upana, na Lean huweka watu pembeni kabisa. Upande wa sauti, zima hali ya usiku, la sivyo kimya cha jangwa kinapandishwa hadi kulingana na milio ya mizinga.

Halafu tazama njiti ya kiberiti. Lawrence anaipuliza, na papo hapo tuko jangwani kabla jua halijachomoza. Mswada ulitaka picha moja iyeyukie nyingine. Lean, aliyeanza kazi kama mhariri, na mhariri wa filamu hii, Anne V. Coates, wakaamua kukata moja kwa moja. Naupenda mkato huo kuliko vita vyote vya filamu hii.

Udhaifu upo, nao si wa diski. Alec Guinness, Mwingereza, amepakwa rangi kuwa Faisal, mwanamfalme Mwarabu, na katika zaidi ya saa tatu na nusu hakuna mwanamke anayesema neno. Peter O'Toole, anayemwigiza Lawrence, naye ni mrefu kuliko Lawrence halisi kwa zaidi ya sentimita 20.

Kwa mnunuzi: filamu imegawanywa katika diski mbili za 4K, unabadilisha wakati wa mapumziko. Diski za 4K hazina kufuli la kanda, lile linalozuia diski ya sehemu moja ya dunia kuchezwa kwenye mashine ya sehemu nyingine. Blu-ray za kawaida zinaweza kuwa nalo, na Afrika iko kanda B, kwa hiyo soma nyuma ya kasha kabla ya kuagiza kutoka Marekani, ambayo ni kanda A.